Kisanduku Kinachojua Kupungua

Kanuni za HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, zinasema kwamba sehemu ya kuandikia maelezo, ile inayoitwa textarea, isipopewa vipimo na aliyeunda ukurasa, itakuwa na mistari 2 na upana wa herufi 20. Jumla herufi 40, nafasi kati ya maneno zikihesabiwa. Kwa fonti ya herufi zenye upana mmoja, ambayo ndiyo vivinjari vingi huipa sehemu hiyo visipoelekezwa vinginevyo, mstari wa kwanza unajaa barabara kwa "Naomba kubadilishiwa", na wa pili unapokea "tarehe ya kuzaliwa" na kubakiza nafasi mbili. Ombi limeingia. Sababu ya ombi, jina la zahanati, karani aliyeandika 1978 badala ya 1987, shahidi aliyekuwepo, hayo hayana mahali. Yataandikwa, maana kisanduku hakikatazi, lakini kila mstari mpya ukiingia chini, mmoja wa juu unatoweka, na mwombaji anaendelea kujieleza huku akiona mistari miwili tu ya maelezo yake.

Nataka kuwasifu watu walioliona jambo hilo kuwa ni dhuluma, hata kama ni ndogo, wakalishughulikia. Matunda ya kazi yao yako mikononi mwa kila mwenye simu. Pa kuandikia ujumbe wa WhatsApp pana mstari mmoja. Ukijibu "Sawa", panabaki hivyo hivyo. Ukianza kueleza kwa nini hukufika arusini, panapanda mstari wa pili, wa tatu, wa nne. Ukighairi ukafuta yote, panashuka. Sijapata kumsikia mtu akisifu mwendo huo. Kazi za namna hii zikifanywa vizuri hazionekani, na zikifanywa vibaya hutukanwa na kila mtu, kwa hiyo anayezifanya hana siku ya kupongezwa. Ndiyo maana nimeona nimtolee insha.

Mistari na herufi kama vipimo vya kuandikia ni urithi wa mitambo ya zamani. VT100 ya kampuni ya Digital Equipment, iliyotoka mwaka 1978, ilikuwa na kioo cha mistari 24, kila mstari herufi 80, na herufi zote zilikuwa na upana mmoja. Kwenye kioo cha aina hiyo, kusema "mistari sita, herufi arobaini" kulikuwa kusema jambo kamili, lisilobadilika kutoka mtambo hadi mtambo. Kanuni za HTML 2.0, zilizoandikwa na Tim Berners-Lee na Dan Connolly na kutolewa Novemba 1995 kama hati ya RFC 1866, zikachukua fikra hiyo na kuifanya sharti: kila sehemu ya maelezo itajiwe idadi ya mistari na upana wake. Mfano uliomo ndani ya hati hiyo ni sehemu ya kuandikia anwani, na imepewa mistari 64 yenye upana wa herufi 6. Nadhani namba ziligeuzwa tu. Lakini mtu mwenye ulimi mkali angeweza kusema kwamba hata waliotunga kanuni hawakubahatika kukisia vema nafasi ambayo mwandishi mwingine angehitaji.

Sharti lilibaki hata katika HTML 4, na ni HTML5 iliyolilegeza. Fikiria maana yake kwa anayeunda kurasa. Yuko ofisini Dar es Salaam, leo, na anatakiwa aamue mkulima wa Kigoma atakuwa na mistari mingapi ya shida mwezi ujao. Ataweka 5. Kwa nini 5? Kwa sababu mbele ya 5 kuna kitufe cha "Wasilisha", na bosi amesema kitufe kionekane bila mtu kusogeza ukurasa. Hapo haja ya mkulima haikufikiriwa hata mara moja.

Fomu za karatasi zilikuwa na ugonjwa huohuo, ila zilikuwa na uungwana wa kukiri. Chini ya mistari ya nukta huandikwa kwamba nafasi isipotosha, utumie karatasi ya ziada. Na wale waliowahi kuandika aerogramu, ile karatasi moja nyepesi ya buluu iliyokunjwa ikawa bahasha yenyewe, wanakumbuka salamu zilivyomalizikia pembezoni, zimeandikwa kwa wima, zikizunguka karatasi hadi kufika kwenye gundi. Karatasi haikuongezeka, lakini mkono uliweza kupunguza herufi. Kwenye kisanduku cha wavuti hata hilo huwezi. Herufi ni ukubwa aliotaka fundi, na pembezoni hapaandikiki.

Ukubwa wa nafasi nao una neno lake la kumwambia mtu. Mwaka 2009, watafiti Jolene Smyth, Don Dillman na wenzao walichapisha katika jarida la Public Opinion Quarterly uchunguzi wao kuhusu maswali ya hojaji za mtandaoni ambayo mtu hujibu kwa maneno yake. Waliona kwamba kukuza kisanduku hakukuwabadilisha sana watu waliojibu mapema, waliokuwa na hamu tayari. Waliobadilika ni waliochelewa, wale wa kubembelezwa: kisanduku kilipokuwa kikubwa zaidi, majibu yao yakawa bora zaidi. Kwa mtu asiye na hakika kama anatakiwa kusema, nafasi aliyopewa ni sehemu ya swali. Akiona mistari miwili anaelewa kwamba hawamtaki aseme mengi.

Basi kwa nini kisanduku kisiwe kikubwa tangu mwanzo? Wengi walifanya hivyo, na bado wanafanya. Ni kama sare ya shule inayonunuliwa saizi mbili mbele ili mtoto aikulie: inaokoa fedha za mnunuzi, na mvaaji anaburuta suruali mwaka mzima. Kisanduku cha mistari 20 kwa mtu mwenye neno moja kinamfanya aone neno lake ni pungufu. Kwenye simu kinameza kioo chote, na anayejaza fomu hajui kama chini yake kuna maswali mengine au fomu imeishia hapo.

Kivinjari cha Safari 3, mwaka 2007, kilileta suluhisho la namna nyingine, na Firefox 4 ikafuata mwaka 2011: mistari midogo ya mshazari kwenye kona ya chini kulia, ambayo unaikamata kwa kipanya na kukivuta kisanduku hadi kifike unapotaka. Wapo wanaoipenda. Mimi naiona ni msaada wa mtu anayekuonyesha jembe lilipo. Kazi ya kukuza nafasi imehamishwa kutoka kwa fundi kwenda kwa mwandishi, katikati ya sentensi yake, na kwa kidole gumba juu ya kioo cha simu kona ile haishikiki.

Kilichobaki ni kukifanya kisanduku kijipime chenyewe. Na hapa ndipo ufundi unapoanza.

Kivinjari kinaijua namba moja kwa kila kipengele cha ukurasa, inayoitwa scrollHeight. Ni urefu wa yote yaliyomo ndani ya kipengele hicho, pamoja na yale yaliyofichika chini ya ukingo. Namba hii ilianzia kwenye Internet Explorer ya Microsoft, wengine wakaiiga, hatimaye ikaandikwa kwenye kanuni za wote. Kwa hiyo wazo la kwanza linamjia kila mtu bila kufundishwa: mtu akigusa herufi, soma scrollHeight, kisha kipe kisanduku urefu huo. Ni mistari miwili ya JavaScript. Unaandika, kinakua. Unabonyeza Enter, kinakua. Unabandika barua nzima, kinatanuka papo hapo, na unamwita mwenzako wa meza ya pili aje aone.

Mwenzako anakuja, anafuta barua, na kisanduku kinabaki kilivyo.

Sababu yake imo katika maana ya namba yenyewe. Kanuni zinasema scrollHeight haiwi ndogo kuliko sehemu ya ndani inayoonekana. Kisanduku chenye nafasi ya ndani ya pikseli 300 kikiwa na neno moja, ukikiuliza yaliyomo yana urefu gani, kitajibu 300. Kinajipima chenyewe badala ya kupima maneno. Maneno yakizidi nafasi, namba ni ya maneno. Yakipungua, namba ni ya nafasi. Kwa hiyo kisanduku kilichotengenezwa kwa mistari ile miwili kinakumbuka milele urefu mkubwa kuliko wote uliowahi kufikiwa. Mtu aliyeandika malalamiko ya aya sita, akatulia, akayafuta na kuandika "Nashukuru, nimesaidiwa", anaachiwa ukumbi mtupu unaomkumbusha hasira yake.

Dawa inashangaza kwa ukali wake. Kabla ya kupima, kisanduku kinyang'anywe urefu wote. Fundi anakiambia kirudi kwenye urefu wa asili, au hata sifuri, ndipo anasoma scrollHeight, ambayo sasa haina pa kujificha na inalazimika kusema ukweli wa maneno. Kisha anakipa urefu huo. Haya yanatokea kwa kila herufi. Unapoandika "shikamoo" kisanduku kimebomolewa na kujengwa mara nane, na hukuona hata moja, kwa sababu kivinjari hakichori kioo mpaka msimbo umalize kazi yake. Kioo cha kawaida huchorwa mara 60 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 16 hivi, na kubomoa na kujenga kote kunafanyika katikati ya picha moja na inayofuata.

Mimi napenda kulitafakari jambo hili. Kuna kazi nzima, ya kuvunja na kusimamisha, inayofanyika mahali ambapo jicho haliwezi kufika, na lengo lake ni mtu asijue kwamba imefanyika.

Kutoonekana huko kuna gharama. Kivinjari hupenda kukusanya mabadiliko na kuupanga ukurasa mara moja. Ukikibadilishia kisanduku urefu na papo hapo ukakiuliza kivinjari scrollHeight, unakilazimisha kiupange ukurasa wote sasa hivi ili kipate jibu. Kwenye kompyuta nzuri hulioni. Kwenye simu ya bei nafuu, katika ukurasa wenye maoni mamia, herufi zinaanza kuchelewa nyuma ya kidole. Mtu anaandika neno zima kisha anangoja litokee. Kuna ubaya mwingine unaoonekana zaidi. Kisanduku kikinyang'anywa urefu, ukurasa nao unafupika kwa kitambo kile. Kama mwandishi alikuwa amesogea mpaka mwisho wa ukurasa, kivinjari kinaona mahali alipokuwa hapapo tena, kinampandisha juu. Kisanduku kinaporudi, hakuna anayemshusha. Matokeo yake ni ukurasa unaoruka kila herufi. Fundi mzuri huandika pembeni mahali mtu alipokuwa, anabomoa, anapima, anajenga, anamrudisha mtu mahali pake. Mtu mwenyewe hajui kwamba alihamishwa.

Halafu kuna suala la kingo. scrollHeight huhesabu maneno na nafasi ya ndani inayoyazunguka, lakini haihesabu unene wa ukingo wenyewe. Siku hizi wasanidi wengi wanapanga vipengele vyao kwa kanuni inayosema urefu ni pamoja na ukingo. Ukichukua namba isiyo na ukingo ukaitumia mahali panapotakiwa namba yenye ukingo, kisanduku kinapungua pikseli mbili: moja ya juu, moja ya chini. Pikseli mbili ni kitu gani? Ni mkia wa herufi "g" uliokatwa. Pia ni ule mwambaa wa kusogezea unaojitokeza upande wa kulia, kwa sababu kivinjari kimeona yaliyomo yamezidi nafasi. Kwenye kompyuta nyingi mwambaa huo unakula upana, upana ukipungua neno la mwisho la mstari linashukia mstari wa chini, mistari inaongezeka, na kipimo kilichokuwa sahihi kinakuwa cha uongo. Nimeona visanduku vinavyotetemeka kwa sababu hiyo, vinarefuka na kufupika kwa kila herufi. Na hata aliyekumbuka ukingo hajasalimika, maana scrollHeight hutolewa kwa namba kamili. Mtu akikuza ukurasa kwa asilimia 110, urefu wa kweli unakuwa na desimali, desimali inatupwa, na nusu pikseli iliyopotea inatosha kuuita mwambaa.

Mengine nayataja kwa haraka, maana yako mengi na hayana raha ya kusimulia. Kisanduku kilichomo ndani ya kichupo kilichofungwa hupimwa kikapata sifuri, na kichupo kikifunguliwa mtu anakuta ufa. Fonti inayochelewa kufika kutoka kwenye seva hubadilisha upana wa maneno baada ya kipimo kuchukuliwa. Simu ikilazwa, mistari mitano inakuwa mitatu. Maneno yaliyowekwa na msimbo wenyewe, kwa mfano rasimu iliyohifadhiwa jana, hayapigi hodi: kivinjari hutoa taarifa mtu anapoandika, si programu inapoandika. Na Internet Explorer 9 ilikuwa na ulemavu wa peke yake. Iliarifu herufi zikiongezwa, ikanyamaza zikifutwa. Kisanduku kilichoitegemea kilijua kukua tu, tena safari hii kosa halikuwa la fundi.

Mwaka 2011, Neil Jenkins aliandika katika jarida la A List Apart kuhusu njia aliyoifuata, na hiyo ndiyo ninayoiona nzuri kuliko zote kwa wakati wake. Aliacha kukipima kisanduku. Alichukua kipengele cha kawaida cha maandishi, akakiweka nyuma ya kisanduku, akakipa fonti ileile, upana uleule, nafasi zilezile za ndani, kisha kila herufi iliyoandikwa mbele akainakili nyuma. Kipengele cha nyuma hakionekani, lakini kinachukua nafasi, na kwa kuwa ni maandishi ya kawaida kinarefuka na kufupika chenyewe kadiri ya maneno. Kisanduku cha mbele kimeambiwa jambo moja tu: jaza mahali pote alipo mwenzako.

Njia hiyo inafichua jambo ambalo kwa miaka lilikuwa mbele ya macho yetu. Kwenye wavuti, aya haijawahi kuhitaji kupimwa. Tangu kurasa za kwanza kabisa, aliyeunda ukurasa aliandika aya ya maneno kumi au ya maneno elfu, na ukurasa ukampa nafasi kamili, bila kuuliza. Ukarimu ulikuwepo. Ulikuwa wa upande mmoja. Maneno ya mwenye ukurasa yalikaa kwa raha, na maneno ya mgeni, yule aliyeombwa atoe maoni yake, yakafungiwa ndani ya mstatili wa vipimo vilivyoamuliwa kabla hajaja. Ufundi wote ninaousifu hapa, hila zote za kubomoa na kujenga, ni jitihada za kumpa mgeni kile ambacho mwenyeji alikuwa nacho siku zote.

Njia hiyo ya kivuli iliendelea kunolewa. Mwaka 2020 Chris Coyier aliieleza katika tovuti ya CSS-Tricks kwa namna fupi aliyoipata kwa Stephen Shaw: kisanduku na nakala yake vinawekwa katika chumba kimoja cha gridi, vimelaliana, na chumba kinafuata urefu wa aliye mrefu. JavaScript inabakiwa na kazi moja, kunakili maneno. Ndani yake kuna kitu kidogo ambacho kingenifanya nimpe mkono aliyekigundua. Baada ya maneno yaliyonakiliwa, mafundi huongeza nafasi moja tupu, ile ya kibodi. Ukiiondoa, kila kitu kinaonekana sawasawa, mpaka mtu abonyeze Enter. Kiteuzi kinashuka mstari mpya, lakini nakala ya nyuma haioni sababu ya kurefuka, kwa kuwa mstari usio na kitu mwishoni mwa maandishi hauchorwi. Kisanduku kinabaki kifupi mpaka herufi ya kwanza ya mstari mpya iandikwe, ndipo kinashtuka na kupanda. Nafasi ile moja inaufanya mstari mtupu uhesabike. Mtu anayebonyeza Enter anakuwa ametangaza kwamba bado anaongea, na kisanduku kinampa mahali hata kabla hajapata neno.

Wengi hawakuwa na haja ya kuyajua haya, kwa sababu walikuwepo waliofungasha kazi hiyo katika maktaba za msimbo. Autosize ya Jack Moore ilikuwa mojawapo ya zilizotumika sana: unaipa kisanduku, yenyewe inashughulika na kingo, fonti na vivinjari vikaidi. Anayeisoma maktaba ya namna hiyo kutoka toleo la kwanza hadi la mwisho anasoma orodha ya mambo yote ambayo binadamu wanaweza kukifanyia kisanduku. Sijui kama kuna fasihi nyingine inayomwangalia mwandishi kwa makini kiasi hicho bila kusoma alichoandika.

Kisha, Machi 2024, toleo la 123 la Chrome likaja na sifa mpya ya CSS, lugha ya mitindo ya kurasa: field-sizing. Unaandika kwamba ukubwa wa sehemu ufuate yaliyomo, mstari mmoja, na basi. Kisanduku kinarefuka, kinafupika, kinajua ukingo wake, hakimrushi mtu, hakisubiri JavaScript. Tangu HTML 2.0 ilipotolewa, ni miaka 28. Ningetegemea mafundi wa zamani waone uchungu, kazi yao ya miaka imegeuka neno moja kwenye faili la mitindo. Kwa upande wangu naona heshima. Kivinjari kimekubali kwamba walikuwa wakifanya kazi ambayo ingepaswa kuwa yake. Na bila miaka ile ya hila, nani angejua kwamba kupungua nako ni haki ya kudaiwa?

Hila zimekwisha, uamuzi haujaisha. Kisanduku kinachokua bila mwisho ni kero ya aina yake. Kwenye simu, kibodi ikishapanda, kioo kimebaki nusu hivi. Kisanduku cha mazungumzo kikiendelea kupanda kitaufunika ujumbe unaojibiwa, na mtu atakuwa anajibu swali asiloliona. Ndiyo maana pale pa kuandikia ujumbe hukoma baada ya mistari michache na kuanza kusogea ndani kwa ndani. Lakini kikomo hicho hicho kikihamishiwa kwenye fomu ya malalamiko, au kwenye barua ya maombi ya kazi, ni makosa. Huyo hana mazungumzo ya kuyaangalia. Anachotaka kuona ni maneno yake mwenyewe, yote, ayasome kutoka juu hadi chini kabla hayajamtoka. Hapo ningeacha ukurasa urefuke utakavyo na kitufe kishuke nao. CSS ina namna ya kuweka urefu wa chini kabisa na wa juu kabisa. Namba za kuweka hapo haziwezi kuandikwa kwenye kanuni yoyote, maana zinategemea nani anaandika, na anamwandikia nani.

Yuko pia mtu ambaye husahaulika: aliyekuza herufi za simu yake kwa sababu ya macho. Miongozo ya WCAG, ile ya kuifanya wavuti ifikiwe na watu wote, inataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila yaliyomo kupotea. Kisanduku kilichopewa urefu kwa pikseli hakimjui mzee huyo. Herufi zake zikiwa maradufu, mistari mitano aliyopangiwa inageuka miwili na nusu, na ile nusu ni vichwa vya herufi. Kisanduku kinachopima maneno yenyewe kinampokea bila mtu yeyote kumfikiria.

Kuna uongo mmoja wa kisanduku hiki ambao siwezi kuunyamazia, kwa kuwa uzuri wake ndio unaouficha. Kisanduku kinakua, mtu anaandika aya nne akiamini amepewa nafasi, na nyuma ya pazia safu ya hifadhidata imewekewa herufi 255. MySQL ya zamani ingeyapokea maneno, ikakata yaliyozidi, ikatoa onyo ambalo programu nyingi hazikulisoma. Ni toleo la 5.7, mwaka 2015, lililofanya kukataa kuwe desturi. Anayepokea malalamiko anasoma sentensi iliyoishia "na ndipo askari ali". Katika hali hiyo kisanduku kidogo cha zamani kilikuwa mkweli zaidi. Kwa hiyo anayejenga kisanduku kinachokua anawajibika kuifuata njia ya maneno mpaka yanapolala, na kama kuna kikomo akitaje wazi, kwa hesabu inayopungua mwandishi akiiona. Hesabu hiyo nayo ina mtego. Fomu ikiwasilishwa kwa njia ya kawaida, kila mstari mpya hutumwa kwa seva kama alama mbili, ilhali mwandishi alibonyeza kitufe kimoja. Mwenye kupenda aya fupifupi anaweza kukataliwa na seva hali kisanduku kilimwambia bado ana nafasi.

Nikipewa ukurasa wa mtu niukague, naanza na kisanduku chake. Nabandika kitu kirefu, nachagua yote, nafuta. Kisha naandika neno moja na kubonyeza Enter mara mbili. Naikuza fonti. Naifunga na kuifungua sehemu iliyokificha. Nalaza simu. Inachukua chini ya dakika moja, na kwa kawaida baada ya hapo najua kama aliyeujenga alikuwa na mtu akilini au alikuwa na picha ya ukurasa iliyopendeza kwenye mkutano. Wengi hufaulu pale pa kubandika. Pa kufuta ndipo wanapopungua, na wakiulizwa hujibu kwamba hakuna mtu anayefuta. Mimi huwafungulia ukurasa wenyewe, nawaomba waniandikie kwa nini wanafikiri hivyo, na kuwatazama wakifuta sentensi ya kwanza.